Sarafu Yenye Sura ya Shangazi

4 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na cherehani yako imeacha kuruka nyuzi. Mimi mzima. Chumba changu kipya kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, kwa hiyo nguo zangu zote zinanuka kama mlango mpya. Miwani, yule mwenzangu wa kazi anayehariri video zetu, anakusalimu sana. Hamjawahi kuonana, lakini nadhani anakujua kuliko anavyomjua mama yake, maana mwaka mzima anakukata na kukuunganisha kwenye kompyuta.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Mwezi uliopita mtu aliingia kwenye simu yangu akasoma kila kitu, hadi orodha yangu ya sokoni. Tangu siku hiyo mambo mazito nayaandika kwa kalamu na kumpa dereva wa mizigo. Nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Zile video za wewe ukiwapima wateja, wakivuta pumzi ili waonekane wembamba nawe ukiwafokea "Achia tumbo!", watu wamezipenda kupita kiasi. Kuna mtu ameniandikia kwamba huziangalia kabla ya kwenda kazini ili apate nguvu. Sasa tumetengeneza sarafu. Si ya chuma wala ya karatasi, iko mtandaoni tu. Inaitwa Achia. Upande mmoja ina sura yako, na tepu shingoni. Anayependa video zetu ananunua sarafu, na kadiri watu wanavyoitaka ndivyo bei inavyopanda. Siku zote wenye mitandao walikuwa wanakula nyama, sisi tunaotengeneza video tunalamba sahani. Sasa watazamaji na sisi ndio wenye mali. Nusu ya fungu langu ni yako.

Ndani ya bahasha ndogo kuna karatasi yenye maneno kumi na mawili. Hayo maneno ndiyo ufunguo wa sanduku langu la sarafu. Usimwonyeshe mtu, usiipige picha, usiipoteze. Hakuna nakala nyingine popote, hata kwangu. Nimekuchagua wewe kwa sababu tangu nikujue hujapoteza hata kifungo.

Msalimie Baba. Haya usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Binti wa kaka yako


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo uko pale pale. Cherehani imeacha kuruka nyuzi baada ya kuitishia kwamba nitaiuza. Baba yako goti linamsumbua, anashinda ameliweka juu ya kiti cha pili kama mgeni. Anauliza kwa nini uliacha kazi ya ofisini. Nikamwambia amuulize mwenye kazi. Harusi ya mdogo wako imepangwa Jumamosi ya pili ya Juni, na kitambaa cha gauni lako nimeshakinunua, cha bluu iliyokolea, na gauni litakuwa na kola ya kusimama. Nitumie vipimo, ingawa vipimo vya mtu aliyejipima mwenyewe huwa naviamini nusu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimelala, nikidhani labda tatizo ni mkao. Sielewi mbele wala nyuma. Mtu akinunua sketi kwangu, anaivaa. Akinunua hiyo Achia, anaifanyia nini? Na kama haishikiki, ina upande vipi? Umesema upande mmoja kuna sura yangu. Upande wa pili kuna nani?

Nakuuliza kwa sababu Jumanne aliingia mwanamume mzima mwenye tai, nikadhani anataka suruali. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Mama, mimi nakumiliki kidogo." Nikamuuliza sehemu gani. Akacheka hadi machozi, akaomba nimpime kiuno ili ajirekodi. Nilimpima. Alibana tumbo kama wenzake wote. Alipoondoka nikajikagua kwenye kioo, sikuona kilichopungua.

Bahasha niliifungua, usinilaumu, siwezi kulinda nisichokijua. Maneno yenyewe ni ya kigeni na hayashikani hata kidogo. Nikasema labda umeandika ukiwa na homa. Karatasi nimeiweka mahali salama. Sikuambii wapi, maana kama simu inaingiliwa, na barua je?

Kula vizuri. Rangi inapanda kichwani.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, kazi zimenizidi. Goti la Baba nimelisikia, nitatuma dawa ya kuchua. Mdogo wangu mwambie nakuja harusini, sikosi.

Achia imepanda, Shangazi. Imepanda mara sita tangu Januari. Watu wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka wanainunua. Uliniuliza mtu anaifanyia nini. Ichukulie kama tiketi. Mwenye sarafu anaona video mpya kabla ya wengine, anapiga kura umpime mteja gani, na siku moja tukifungua duka la nguo mtandaoni atapata punguzo. Duka bado hatujalifungua. Miwani anasema tusiharakishe.

Huyo mwenye tai usimjali. Ni utani wao.

Vipimo vyangu ni hivi: kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na tisa, nyonga arobaini. Urefu ni ule ule.

Nakuomba jambo moja. Ukiulizwa na watu wa mtaani kuhusu Achia, sema hujui. Usiseme nzuri, usiseme mbaya.

Wako,
Binti


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika. Baba yako anajipaka huku akilalamika kwamba inanuka rangi. Mjukuu wa jirani wa ng'ambo amepata jino la kwanza na mtaa mzima umeitwa kuliangalia. Mimi namshukuru Mungu, kazi ipo.

Ombi lako limenikuta nimeshachelewa.

Unamkumbuka Nesi, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyestaafu hospitali miaka minne iliyopita. Ndiye aliyekudunga sindano ya pepopunda ulipokanyaga msumari, nawe ukamng'ata mkono. Macho yake yameota mtoto wa jicho, yote mawili. Siku hizi akija kwangu huhesabu hatua kwa mdomo. Upasuaji wake umepangwa Julai, na kiinua mgongo chake kilichobaki alikuwa amekitunza kwa ajili hiyo.

Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja na simu yake, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, ikiwa na sura yangu. Akaniuliza, "Fundi, hii ni ya kweli?" Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikamjibu, "Ni ya mtoto niliyemlea mwenyewe, itakuwaje ya uongo?" Akaenda akanunua. Alinunua kwa zile hela za macho, akitarajia zizae kidogo apate na za miwani mipya. Kinyozi wa kona akasikia, naye akanunua. Muuza mboga vilevile.

Nilipomjibu Nesi, sikujua naongelea sarafu gani. Nilijua naongelea wewe.

Sasa nieleze vizuri, kwa lugha ya mtu anayepasi nguo. Umeniambia Januari ni mali. Machi umeniambia ni tiketi. Nesi akitaka hela zake Julai, anakwenda dirisha gani? Anamkuta nani?

Na hivyo vipimo ulivyotuma, ni vile vile vya mwaka jana, namba kwa namba. Mwili wa mtu hautulii hivyo.

Shangazi yako


16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumai wote hamjambo.

Naomba ile karatasi. Barua hii ikikufikia tu, itie kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, mpe dereva siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho. Kuna jambo ambalo siwezi kulieleza hapa, na lina wakati wake, likipita limepita. Ni kwa faida yetu sote. Karatasi, Shangazi, nakuomba sana. Ukinitumia utaona mwenyewe, utastarehe, hutashona tena kwa ulazima.

Uliuliza Achia ni nini. Nafikiri ni imani. Watu wakiamini ina thamani, inakuwa nayo. Mimi mwenyewe siku nyingine naielewa vizuri asubuhi, ikifika mchana sijui tena nilielewa nini.

Karatasi tafadhali.

Binti


30 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Barua yako ilikaa siku kumi na moja kwenye droo ya ofisi ya mizigo kwa sababu dereva wetu alikuwa likizo na aliyemshikia hajui mitaa. Kwa hiyo huo wakati wako nadhani umeshapita, karatasi ikiwa bado huku kwangu. Baba yako anaendelea vizuri. Sijamwambia kitu, ila ananitazama.

Nimehesabu. Karatasi umeiomba mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Nesi hukumtaja hata mara moja.

Miaka ishirini na nane napima watu. Anayebana tumbo namjua hata kabla sijamzungushia tepu, huwa anaongea harakaharaka na hanitazami. Barua yako imebana tumbo, mwanangu. Tena imebana kweli kweli.

Sikunyimi karatasi, ni yako. Ila sikupi mpaka unijibu. Ukifungua hilo sanduku, Nesi anapata au anapoteza? Andika neno moja tu kati ya hayo mawili. Umeniambia mali, tiketi, imani. Nimechanganyikiwa mpaka juzi nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, jambo ambalo sijalifanya tangu nijifunze kazi. Mteja alicheka. Mimi nilitaka kulia.

Nesi jana aliniuliza kama bei imepanda, kwa sababu tarakimu za kwenye simu hazioni tena. Nikamsomea. Ilikuwa imepanda. Alifurahi, nami nikajiona mwongo bila kujua uongo wenyewe ni upi.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne, tatu nimezichana.

Neno ni "anapoteza".

Mwezi wa Aprili Miwani alisema bei imefika juu kabisa na haitapanda tena. Alitaka tuuze mafungu yetu yote siku moja, yeye lake na mimi langu, kisha tufunge ukurasa na kubadilisha namba za simu. Tukishauza hivyo, sarafu za waliobaki zinakuwa hazina mnunuzi. Nilijua hivyo, Shangazi. Nilikuwa nimesoma kuhusu Nesi kwenye barua yako, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, kisha nikakuandikia ile ya kuomba karatasi. Sina jina la kuupa moyo wa namna hiyo, na ulikuwa wangu.

Ila kuna jingine, na sijui kama linanipunguzia au linaniongezea. Januari nilikutumia karatasi si kwa sababu ya mwizi wa simu tu. Nilishajijua. Nilijua nikiwa na ufunguo mkononi, siku bei ikipanda nitafungua. Nikatafuta mtu ambaye hawezi kuharakishwa. Kisha nikakukasirikia kwa sababu hukuharakishwa. Siku kumi na nne nilishinda dirishani nikiangalia gari la mizigo.

Miwani hakunisubiri. Aliuza lake tarehe mbili Mei, akahama, sijui aliko. Ndani ya siku mbili Achia ikaanguka mpaka chini. Najua Nesi bado anaamini ipo juu. Usimsomee namba za leo, au msomee, sijui. Sijui kabisa kipi ni sahihi.

Sanduku langu lina vitu viwili. Kuna fungu la sarafu zangu, ambalo sasa halinunui hata sindano. Na kuna malipo ya wanunuzi wa kwanza, yaliyolipwa kwa fedha nyingine ambayo haijaanguka. Hayo sijayagusa. Yanatosha kumrudishia Nesi chote, na kinyozi, na muuza mboga. Wapo wengine mbali ambao siwajui hata majina. Nitawarudishia kadiri yatakavyofika, na hayatafika kwa wote. Hilo linaninyima usingizi na sina la kulifanya.

Usiitume karatasi kwa dereva. Niambie tu kama ipo na inasomeka. Hata herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, maana maneno yote yanatoka kwenye orodha moja inayojulikana.

Ninakuogopa sasa hivi kuliko nilivyokuogopa nilipovunja kioo chako cha wateja.

Binti


26 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilikaa na barua yako hadi chai ikapoa, nikapasha, ikapoa tena. Nilikasirika sana. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyetoa pini mdomoni nikamdhaminia Nesi kitu nisichokijua. Kwa hiyo hasira nimeigawa mara mbili, nusu yangu, nusu yako.

Sasa nikwambie karatasi ilikuwa wapi. Nilikuwa nimeishonea ndani ya kola ya gauni lako, katikati ya kitambaa na bitana. Nilisema kichwani, hiki ni chake, kitamsubiri humo, na atakuja kukifuata. Kola ilisimama vizuri, hata nikajisifu.

Juzi nilifumua. Mwanangu, kitambaa kile kimechuja. Mimi ninayemwambia kila mteja aloweke nguo mpya kwanza, nilikipenda nikakikata hivi hivi, kisha nikanyunyizia kola maji na kuipiga pasi ya moto. Rangi yote ya bluu iliingia kwenye karatasi, na wino wako nao wa bluu. Maneno kumi na moja nilipata angalau mwanzo wake. La mwisho lilikuwa doa tu. Nilikaa chini sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa, nikalia kama nimefiwa. Macho ya Nesi nilikuwa nimeyapiga pasi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaona siwezi kujificha. Nikagonga kwake, nikamweleza yote, tangu Januari. Kuanguka kwa bei, Miwani, wewe, mimi, kola. Aliniacha nimalize. Nilitamani anitukane. Mwisho akasema, "Ilete."

Akavuta kiti hadi mlangoni penye jua, akatoa lenzi yake ya kukuzia, akaibandika karatasi karibu na pua. Nikamwambia, "Nesi, hata mimi mwenye macho sioni kitu." Akanijibu, "Wewe unatafuta wino. Mimi natafuta mahali kalamu ilipokandamiza. Miaka thelathini na moja nimesoma maandishi ya madaktari wenye haraka, Fundi, hebu ondoka kwenye mwanga." Akaipapasa kwa ukucha, akaigeuza, akasoma kwa upande wa nyuma. Herufi moja. Ya pili. Ya tatu ilitushinda, akaenda kunywa maji, akarudi. Kisha akazitaja zote nne.

Siziandiki hapa. Ninazo, na yeye anazo. Ufunguo wako sasa unajulikana na mtu mwingine, na nimeona ni haki yake.

Anasema ulete kompyuta, ukalifungue sanduku nyumbani kwake, naye akiwa amekaa karibu. Hajasema amekusamehe. Aliuliza tu kama siku hizi unakula.

Gauni halina kola kwa sasa. Zimebaki siku kumi na nane.

Shangazi yako


4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nitaiandika fupi, naandikia kwenye benchi la ofisi ya mizigo.

Jana nilimpigia Baba. Nilimwambia yote. Akasema goti linaendelea vizuri, kisha akasema njoo. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe.

Tangu Februari uliniuliza upande wa pili wa sarafu kuna nani. Hakukuwa na mtu. Tulichora upande mmoja tu. Miwani alisema hakuna atakayeigeuza, na ni kweli, kati ya watu wote hao ni wewe tu uliyeuliza.

Vile vipimo nilivyotuma Machi ni vya uongo. Nilinakili vya mwaka jana ili usijue. Kiuno sikijui tena, suruali nazifunga kwa kamba. Mwambie Nesi kwamba nilikuwa sili.

Dereva akikukabidhi barua hii, usimwache aondoke kabla hujamshukuru, amekataa nauli yangu. Na usiikunje ukaiweka mfukoni kusoma baadaye kama kawaida yako. Nimesimama nyuma yake.

Binti yako